Muvi za ngumi na stendapu ugonjwa wao ni mmoja

Mkuu, umeuliza mbona kwenye uhakiki wangu nazisifia muvi za ngumi za zamani, halafu stendapu (vichekesho vya mtu mmoja jukwaani) za siku hizi nazichana. Unadhani nina chuki. Sina. Vyote viwili naona vinauawa na mtu mmoja: anayekaa na mkasi chumba cha uhariri.

Nimekulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, vya Tandika hapa Dar. Siku ilipowekwa Police Story ya 1985, Jackie Chan akarukia nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, akateleza nayo, taa zinapasuka njia nzima mpaka akapitiliza kwenye vioo. Tukio likaonekana mara tatu. Tukampigia makofi mwenye kibanda, tukidhani karudisha mkanda! Kumbe ndivyo filamu ilivyo. Steringi, yaani Chan mwenyewe, kaungua viganja kweli, lazima uangalie vizuri.

Sasa katazame Taken 3. Liam Neeson anaruka uzio tu, na picha inakatwa zaidi ya mara kumi. Ukimaliza hujui karuka au kafunguliwa geti. Wanaiita kasi, mimi naiita kuficha. John Wick ya 2014 ilinifurahisha kwa sababu muongozaji wake, Chad Stahelski, ndiye aliyecheza badala ya steringi wake, Keanu Reeves, kwenye matukio ya hatari ya The Matrix. Anajua mwili unavyoanguka, kwa hiyo kamera inarudi nyuma na unamwona mtu mzima. Hadithi? Kauliwa mbwa, basi. Imetosha.

Stendapu nayo ni mwili. Mchekeshaji wa Marekani Richard Pryor, kwenye filamu ya onyesho lake iliyotoka 1979, anaigiza mshtuko wa moyo hadi anakwenda sakafuni, na kamera haimkimbii.

Mwaka juzi nilikuwa ukumbini hapa Dar, kijana anasimulia alivyomdai konda chenji. "Konda akaniangalia..." Akanyamaza. Akageuza shingo taratibu, mdomo kaubana, vidole vimeshika noti zisizokuwepo, zimekunjwa kwa urefu kama wanavyozishika wenyewe. Sekunde tano, labda sita. Mama mmoja mbele yangu akaanza kucheka peke yake, kicheko kikashika safu yake, kikashika ukumbi.

Baadaye naikuta mtandaoni. Zile sekunde zimekatwa, wamebandikwa watazamaji wanaocheka, na kicheko kimeongezwa sauti. Konda hayupo! Nikamwonesha mke wangu, akauliza, "Wanacheka nini?"

(Wachekeshaji nao wana lao. Lafudhi ya Mchaga peke yake si kichekesho, tumeshaisikia.)

Siku hizi kabla sijaandika chochote naangalia dakika kumi nimezima sauti. Ngumi nisipoielewa hivyo, au mchekeshaji asiponivuta hata kidogo, najua nitaandika nini.

Mwenye ile shoo ya konda nzima, haijakatwa, anicheki PM. Nalipia.