Maswali na Majibu: Giaboksi Haiondoki Peke Yake

Nimenunua greda ya zamani. Ni nzima kabisa, giaboksi tu ndiyo haipo. Giaboksi gani inaingia?

Greda, yaani mashine ya kusawazisha barabara, lakini greda gani? Kila mara swali hili, na kila mara bila namba ya mashine. Modeli moja huweza kuuzwa miaka mingi huku giaboksi ikibadilishwa katikati. Muuza spea atakayekujibu bila kukuomba namba hiyo, mkimbie.

Na hilo neno "nzima kabisa" lifute. Aliyeitoa giaboksi alihitaji na vinavyoishikilia. Kaangalie kama klachi ipo, kama propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ipo, kama fimbo za kubadilishia gia zipo, na mabano, na bolti zake. Katika greda nyingi za umri huo kasha la giaboksi limefungwa moja kwa moja kwenye kasha la gia za ekseli. Likitoka linaacha tundu wazi, na mvua haibishi hodi. Mulika tochi ndani uone kutu kabla hujatafuta kingine chochote. Mimi ningetafuta greda ya pili ya modeli ileile, iliyokufa injini, nihamishe kila kitu hadi bolti ya mwisho. Wanaonunua giaboksi tupu hurudi kuniuliza mabano yanapatikana wapi.

Fundi anasema ya lori itakaa tu. Kweli?

Kukaa itakaa. Kufanya kazi ni jambo jingine. Greda hulima barabara kwa mwendo wa kilomita 3 hadi 8 kwa saa, kutwa nzima, ikiwa na mzigo. Lori hutumia gia ya kwanza kuondokea tu. Tena lori kwa kawaida lina rivasi moja au mbili za polepole, na mwendeshaji wa greda anarudi nyuma karibu sawa na anavyokwenda mbele.

Ukishikilia, pima kwanza. Kasha la flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini, linalokutana na klachi) lina saizi za kawaida zinazoitwa SAE: namba 1 lina kipenyo cha ndani cha milimita 511.2, namba 2 ni 447.7, namba 3 ni 409.6. Shafti za giaboksi zinazoingia kwenye klachi, katika malori mengi makubwa, zina meno 10, lakini unene ni inchi 1¾ au 2, na sahani ya klachi lazima ilingane nao. Kisha uliza pampu ya haidroliki ilikuwa inazungushwa na nini. Kama ni ile giaboksi iliyotoweka, una kazi ya pili.

Tumefunga ya lori. Sasa ina gia tano za nyuma na moja ya mbele!

Mliongeza kasha la gia mbili ili kushusha propela. Gia mbili zikishikana huzunguka kinyume. Wekeni ya tatu katikati.

Yangu inachomoka gia ya juu, na meno hayajalika.

Umeifunga kwa macho. Funga saa ya sindano (kipimo chenye mshale kinachoonyesha sehemu ndogo za milimita) kwenye flaiwili, zungusha injini kwa mkono, upime kama tundu la kasha la flaiwili liko katikati. Kwa giaboksi nyingi za magari makubwa ukomo ni kama milimita 0.2. Kasha likiwa limehama kuliko hapo, shafti inapindishwa kila mzunguko na gia inajisukuma nje. Utabadilisha beringi hadi uchoke.

Nitie oili gani?

Ya kitabu chake. Giaboksi ya klachi na ile inayobadili gia kwa presha ya oili hazinywi kitu kimoja, na "oili nzito" si jina la oili.

Naweza kuivuta hadi gereji ikiwa haina giaboksi?

Hili hamliulizi vya kutosha. Katika greda nyingi breki ya kuegesha iko kwenye giaboksi au kwenye shafti inayotoka humo, kwa hiyo nayo imekwenda. Gia ya kuishikilia hakuna, na injini isipowaka huenda hata breki ya mguu haina presha. Hizo ni tani kumi na kitu zinazosubiri mteremko. Usiivute kwa kamba. Tumia chuma kigumu, au ipakie kwenye lobedi, lile trela la chini la kubebea mashine. Ikisimama, lazia bledi chini na ukabe magurudumu kwa magogo, mbele na nyuma, kabla mtu hajaingia chini na spana.