Jalada la tuzo ya ushiriki wa michezo: kwa mwalimu mpya wa michezo

Mwalimu, ukikabidhiwa michezo shuleni, iwe Nanyamba, Ruangwa au Mikindani, huku Lindi na Mtwara, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni kabati la vikombe. Tuzo ya ushiriki hupima ni wanafunzi wangapi wanacheza, si nani ameshinda, kwa hiyo kabati hilo liache lilivyo. Vikombe vinaeleza walichofanya watoto 18 wa mpira wa miguu na 12 wa netiboli. Fomu ya ushiriki inauliza wale wengine mia nne wanacheza nini, siku gani, na nani aliwaona.

Kwa hiyo kazi yako ni daftari. Picha, barua na vyeti vinakuja nyuma yake na vinapata nguvu kwake. Jalada lenye picha 60 bila daftari hukwama mezani kwa mhakiki wa kwanza. Lenye daftari zuri na picha sita hupita.

Tumia daftari kubwa la kaunta lenye jalada gumu, kila mkondo ukurasa wake. Majina yateremke upande wa kushoto, tarehe za mazoezi zipite juu. Ndani ya kila chumba cha jedwali hilo usiweke vema. Weka herufi ya mchezo: M mpira wa miguu, N netiboli, W wavu, R riadha, D rede. Aliyekuja akakaa kivulini kutazama mwekee duara. Aliyekuwa mwamuzi, mshika saa au mwandika matokeo mwekee S ya msaidizi, kwa sababu fomu nyingi huwauliza peke yao. Mstari wa mtoto mmoja wa darasa la 5 unaweza kusomeka hivi baada ya wiki tano: N, nafasi tupu, N, duara, R. Huyo ni mshiriki mmoja, mahudhurio matatu, michezo miwili. Duara halihesabiki popote, ila limekuambia kuna siku alifika uwanjani na hakucheza, na sababu yake inafaa kuulizwa.

Hapo ndipo wageni wengi huanguka, basi tukae hapo kidogo. Mahudhurio na washiriki ni hesabu mbili. Tuseme shule ina wanafunzi 436, wasichana 221 na wavulana 215. Muhula mzima mmefanya mazoezi 20, na ukijumlisha waliokuja kila siku unapata 812. Mwalimu mwenye haraka huandika kwenye fomu "washiriki 812". Shule ya watoto 436! Fomu inarudi siku hiyohiyo, na aliyeisoma anacheka. Hesabu sahihi ni kuteremka na kidole kwenye kila ukurasa na kuhesabu mistari yenye angalau herufi moja ya mchezo. Tuseme umepata 187: wasichana 74, wavulana 113. Basi ushiriki wa shule ni asilimia 42.9, wasichana ni asilimia 33.5 na wavulana 52.6. Zile 812 hazitupwi. Zigawe kwa 20 upate wastani wa watoto 40 au 41 kwa siku, uziandike kwenye mstari wake.

Kabla ya kujaza, soma fomu yako inamwita nani mshiriki. Fomu nyingine hutaka aliyecheza walau mara moja, nyingine hutaka aliyekuja wiki kadhaa mfululizo. Daftari la vyumba linakupa majibu yote mawili. Daftari la kuandika "leo walikuja 45" halikupi hata moja, na huwezi kulitengeneza upya muhula ukishaisha. Vilevile angalia kama vipindi vya michezo vilivyo kwenye ratiba ya masomo vinahesabiwa au ni vya baada ya masomo tu. Viweke kurasa tofauti tangu mwanzo. Ukivichanganya, kila mtoto wa shule ataonekana mshiriki, na mhakiki ataelewa mara moja.

Ile idadi unayogawia kupata asilimia, yaani wanafunzi wote 436, nayo ichagulie tarehe moja ya rejista na uitaje. Kusini watoto huhama katikati ya mwaka, hasa familia inapofuata mashamba. Ukichukua idadi ya Januari kwenye ukurasa mmoja na ya Juni kwenye mwingine, asilimia zako zitapishana zenyewe kwa zenyewe.

Majina. Katika mkondo mmoja unaweza kuwa na akina Hamisi Rashidi watatu na akina Fatuma Salumu wawili. Andika majina matatu, na pembeni namba ya PReM kwa shule za msingi, yaani namba ya mwanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Usiandike majina ya utani, hata kama uwanjani hakuna anayemjua mtoto kwa jina jingine. Nakala ya kupeleka nje ya shule ifunike safu ya namba kwa kipande cha karatasi kabla ya kuitoa kivuli.

Kuita majina kusikulie mazoezi. Kiranja wa michezo wa kila mkondo aite wake huku wakijipasha. Dakika nne zinatosha. Kisha pita tena mwishoni. Nyanda za juu za Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni ya shida, na mtoto aliyeitika saa 10 anaweza kuwa ameondoka na ndoo saa 10:20. Jiwekee kanuni moja na uiandike ukurasa wa kwanza, kwa mfano kwamba anahesabiwa aliyekaa zaidi ya nusu ya muda. Ukibadili kanuni katikati ya muhula, andika tarehe uliyoibadili.

Andika kwa kalamu ya wino, siku hiyohiyo. Ukikosea, kata mstari mmoja na uweke saini fupi. Wino mweupe wa kufutia usiuguse. Na tafadhali usinakili daftari upya ili lipendeze. Daftari la miezi mitano lililoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila doa la vumbi wala tone la mvua, ndilo linalotiliwa shaka kuliko yote. Ni hivyohivyo kwa muhuri: kurasa zote zikigongwa siku moja zinaonekana. Mwalimu wa zamu asaini siku ya mazoezi, mwalimu mkuu apitie na kugonga muhuri kila mwisho wa mwezi.

Mhakiki anayejua kazi hataanza na daftari lako. Ataomba rejista ya mahudhurio ya darasa na kitabu cha zamu, achague tarehe mbili, alinganishe. Mtoto aliyeandikwa hayupo darasani asubuhi na ana N jioni anahitaji maelezo. Siku ambayo mwalimu wa zamu ameandika "mvua kubwa, wanafunzi waliruhusiwa saa 8" haiwezi kuwa na mazoezi ya watu 52. Kwa hiyo kila Ijumaa wewe mwenyewe fanya kazi hiyo ya mhakiki: chukua tarehe moja ya wiki, linganisha vitabu vitatu, rekebisha ukiwa bado unakumbuka. Daftari la vifaa nalo liwe karibu. Watoto 60 kwa mipira miwili inawezekana kabisa kama umewagawa vituo sita vya watoto kumi kumi, viwili vya mpira na vinne vya kamba, mbio fupi, kuruka na rede. Basi andika vituo hivyo kwenye andalio la siku. Bila andalio, namba hiyo inasomeka kama 22 waliocheza na 38 waliosimama.

Sasa saa. Hili ni dogo lakini limeharibu majalada mengi. Daftari lako linasema saa 10:20, kwa maana ya jioni. Simu yako imehifadhi picha 16:20. Ukijaza fomu ya kompyuta "10:20", mfumo unasoma asubuhi, wakati wa masomo, na picha inapingana na fomu. Chagua mtindo mmoja kwa fomu nzima, na kwenye daftari andika neno "jioni" kila mara. Angalia pia tarehe ya simu kabla ya kupiga. Simu iliyozimika chaji kabisa wakati mwingine huamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na picha ya jana inajitambulisha kuwa ya 2010.

Kwa kila siku ya mazoezi piga picha tatu, si thelathini. Moja kutoka mbali inayoonyesha uwanja na kitu kinachotambulika, kama mkorosho wa pembeni au jengo lenye jina la shule. Moja ya watoto wakiwa katika mchezo wenyewe, mpira ukiwa hewani au miguu ikiwa inakimbia. Ya tatu ni ya ukurasa wa daftari wa siku hiyo, na hii ndiyo wengi huisahau: inathibitisha kwamba ukurasa ulikuwapo tarehe hiyo. Piga kabla ya saa 11 jioni. Mwezi Juni jua la huku linazama muda mfupi baada ya saa 12, na picha za giza hazihesabu watu. Picha ya watoto wamejipanga mistari wakitabasamu haithibitishi mchezo wowote. Iwekeni kwenye ubao wa matangazo.

Usitume picha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp kisha ukazihifadhi kutoka huko. Inazibana na kuondoa taarifa ya lini na wapi zilipigwa. Zitume kama dokyumenti, au zihamishe kwa waya. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, tarehe, kisha mchezo na darasa, mfano 2025-03-14-netiboli-darasa5. Zitajipanga zenyewe.

Ruhusa ya wazazi ni ya lazima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha na majina ya watoto pia. Karatasi moja ya ruhusa mwanzoni mwa mwaka, yenye sehemu mbili za kuweka vema, moja ya kushiriki michezo na nyingine ya kupigwa picha, inamaliza kazi. Zitenganishe kweli, maana wapo wazazi watakaokubali ya kwanza na kukataa ya pili. Mtoto wa aina hiyo acheze kama wenzake na ahesabiwe. Kamera tu ndiyo imwepuke.

Mapengo usiyafiche. Mwaka wa shule wa Lindi na Mtwara una mabonde yake. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua huzamisha viwanja vya udongo, na Oktoba na Novemba korosho huita watoto shambani jioni. Mwezi wa Ramadhani mazoezi ya alasiri hayafai kwa watoto waliofunga. Shule hupunguza, au huhamishia asubuhi mchezo mwepesi usiochosha. Ramadhani husogea siku 10 au 11 kurudi nyuma kila mwaka, kwa hiyo muhula wa mwaka huu haulingani na wa mwaka jana bila maelezo. Andika mstari mmoja kwenye tarehe husika: "uwanja umejaa maji, bao na kamba ukumbini, 26". Pengo lenye sababu halipunguzi alama kama lile lililojazwa kwa kubuni.

Wasichana wakiwa nyuma, kama kwenye mfano wetu wa 33.5 kwa 52.6, usikimbilie kuandika kwamba hawapendi michezo. Gawa karatasi ndogo zisizo na jina, maswali matatu: unacheza mara ngapi kwa wiki, nini kinakuzuia, ungependa mchezo gani. Usiulize kwa kunyoosha mikono, hakuna atakayetaja hedhi wala sketi fupi ya netiboli mbele ya wavulana. Majibu yakionyesha mavazi, ruhusu suruali ndefu na hijabu ya michezo, na uandike tarehe uamuzi huo ulipoanza. Kama mahudhurio ya wasichana yatapanda baada ya tarehe hiyo, daftari litaonyesha, na ushahidi wa namna hiyo hauhitaji insha. Watoto wenye ulemavu nao wahesabiwe kwa walichocheza. Kuwakalisha pembeni na filimbi kila siku ni S nyingi zisizo na herufi nyingine, na mhakiki huziona.

Kuhusu UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, au UMISSETA kwa sekondari: weka orodha ya kikosi, barua ya mwaliko, na karatasi ya matokeo yenye saini ya mwamuzi na pande zote mbili. Mtwara ilipokea mashindano ya kitaifa mwaka 2019 na 2021, na kwenye majalada ya huku bado kuna hamu ya kubandika kila kitu kinachohusu ngazi za juu. Ukurasa mmoja unatosha. Watoto uliowapeleka uwanja wa Nangwanda Sijaona au Ilulu kushangilia ni watazamaji. Hao ni wa duara tu. Bonanza la madarasa pale shuleni, lenye timu nane za watoto saba saba, lina washiriki 56 na lina thamani zaidi kwenye fomu hii kuliko mchezaji wenu mmoja aliyefika taifa.

Jalada la kutuma lisizidi kurasa 15: muhtasari wa namba ukurasa mmoja, kanuni ya kuhesabu, kurasa nne au tano za daftari ulizochagua miezi tofauti, ratiba, picha sita zenye maelezo, matokeo, barua. Piga skani mchana karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelala sawa, kisha bana faili kabla ya kutuma. Mtandao wa kata nyingi hauwezi faili zito, na siku ya mwisho ndiyo kila mtu anatuma. Panga kutuma siku tatu kabla, ukiwa mjini halmashauri, na upige picha ya ujumbe wa kupokelewa.

Daftari lenyewe libaki shuleni, ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa, rafu ya juu, mbali na ukuta. Hewa ya pwani huleta ukungu, na mchwa huanzia chini. Mhakiki anaweza kuja miezi kadhaa baada ya fomu kutumwa, na huenda wakati huo umeshapata uhamisho. Kwa hiyo andika kwenye kitabu cha makabidhiano kabati gani, rafu gani, na funguo yuko nayo nani.