Kwa kaka aliyeuliza mkewe anapata nini kwenye riwaya za mapenzi za Kikristo

Kaka, umesema mkeo anasoma riwaya hizi kwenye simu hadi saa sita usiku, na wewe huelewi anasubiri nini wakati mwisho unajulikana: wataoana, na mmoja wao ataokoka. Ukaongeza kwamba unahisi anakulinganisha na wanaume wa humo. Mimi nimezisoma riwaya hizo kwa miaka kumi na moja. Nilianza kwa sababu ya msiba, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonipata.

Mume wangu alifariki nikiwa na miaka 31, binti yetu ana mitatu. Tulipomaliza tanga kikakaa kikao cha ukoo. Nikiwa chumba cha pili nilisikia watu wazima wakijadili nitakaa wapi na nani ataniangalia. Hakuna aliyeingia kuniuliza mimi. Wiki hiyo hiyo dada mmoja wa kwaya akaniletea kitabu cha Kiingereza kilichochakaa, jalada limeshikwa na selotepu: Love Comes Softly cha Janette Oke, mwandishi wa Kanada, kilichotoka mwaka 1979. Nilikipokea kwa heshima tu, maana habari za mapenzi sikuzitaka kabisa.

Humo kuna Marty, binti anayefiwa na mumewe njiani kuelekea magharibi mwa Marekani, enzi za mikokoteni. Ni mjamzito na hana pa kwenda. Siku ya maziko anatokea Clark, mgane mwenye mtoto wa kike, anamwomba waoane ili mtoto apate mama. Baridi ikiisha na msafara wa kurudi mashariki ukipita, kama Marty atataka kuondoka, yeye atamlipia nauli. Kisha anamwachia nyumba, naye analala kwenye kibanda kilichoegemezwa ubavuni. Hapo nilifunga kitabu nikalia kama siku ya kwanza. Kumbe mjane anaweza kuulizwa! Kumbe anaweza kuachiwa mlango wazi wa kuondoka, na akapewa muda wa kumlilia marehemu wake ndani ya nyumba ya mwanamume mwingine, bila kuharakishwa.

Kuhusu mwisho kujulikana, ni kweli. Hata ngano za bibi tulijua zinaishia wapi na bado tulimwomba arudie. Harusi ikifika mimi huwa nimeshamaliza kusoma moyoni. Nilichokuwa nakifuatilia ni namna mtu aliyeumizwa anavyoanza kuamini tena, na hilo halina ratiba.

Mwandishi Francine Rivers ndiye anayelijua zaidi. Alikuwa akiandika riwaya za mapenzi za kawaida kabla hajaokoka mwaka 1986, na mwaka 1991 akatoa Redeeming Love, akichukua kisa cha nabii Hosea na kukipeleka California ya wachimba dhahabu, mwaka 1850. Soma Hosea sura ya tatu, kaka. Nabii anamnunua mkewe mwenyewe, kwa vipande kumi na vitano vya fedha na shayiri juu yake. Sisi tunaojua mahari tunaelewa uzito wa kulipa mara ya pili kwa mwanamke aliyekukimbia. Kwenye riwaya, Angel, aliyeuzwa kwenye ukahaba tangu utotoni, anamkimbia Michael tena na tena, naye anamfuata. Safari ya mwisho hamfuati. Anakaa miaka mitatu akiomba na kusubiri, mpaka mwanamke arudi kwa miguu yake. Kurasa hizo nimezirudia kuliko zote.

Na humo watu wanaomba kama tunavyoomba kweli, mikono ikiwa kwenye sufuria. Wananung'unika, wanamlaumu Mungu, wanakaa kimya wiki nzima. Mwaka ule mimi nilikuwa namlaumu jikoni, nikidhani nimeasi. Nilipata wenzangu.

Sitakuficha, nyingine ni mbovu. Jamaa hajaamini sura ya kumi na nane, anainua mkono ibadani sura ya kumi na tisa, ya ishirini harusi. Hizo zinaniumiza, maana nimekaa na mabinti wawili wa kanisani kwetu walioolewa wakiamini mume atabadilika baada ya ndoa, na nimewafuta machozi. Kuna pia za Waamishi wa Pennsylvania, Marekani, Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani. The Shunning ya Beverly Lewis, ya mwaka 1997, ina binti anayetengwa na kanisa lake; kwa mtu aliyeona jirani akitengwa na baadaye kurudi kundini mbele ya usharika mzima, hiyo si hadithi ya mbali. Natamani mtu atuandikie ya kwetu, yenye kikao cha ukoo ndani yake.

Sasa hilo la kulinganishwa. Mimi sijaolewa tena, na sikuwahi kumtafuta Clark mtaani. Nilichukua kitu kimoja kwake: nilirudi kwa wakwe zangu nikaomba kusema, nikasikilizwa. Mkeo naye huenda kuna mtu humo anapita alipopita yeye, na labda hujawahi kupasikia. Leo usiku usimwambie azime simu. Muulize amefika wapi, na aliyeumia humo ni nani, halafu umwache asimulie mpaka amalize.