Kabla ya kulipia gari lililotumika hapa Lubumbashi

Ndugu uliyeuliza ufanye nini kabla ya kulipia Toyota iliyoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kosa ninaloliona mara nyingi ni mnunuzi kuvutwa na rangi inayong'aa na kilomita chache kwenye dashibodi, ilhali kilomita hizo hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva: vikiwa vimechakaa sana, gari limetembea kuliko linavyoonyesha.

Fika asubuhi na umwombe muuzaji asiwashe injini kabla hujafika, kwa sababu injini ikiwa baridi ndipo hitilafu nyingi hujitokeza. Fungua kifuniko cha oili; ukikuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji ya rejeta yanavujia ndani, na hapo mimi ningeondoka. Moshi wa buluu huonyesha kwamba injini inachoma oili.

Namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma ilingane herufi kwa herufi na karte roze (kadi ya usajili wa gari) na hati za forodha. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi yenye kistari, si ile ya herufi na tarakimu 17, kwa hiyo ufupi wake peke yake usikutie shaka. Usukani wa kulia nao, katika nchi inayoendesha upande wa kulia kama yetu, hukuzuia kuona mbele unapotaka kulipita lori. Usitoe hata arabuni kabla fundi unayemwamini, asiyejuana na muuzaji, hajaingia chini ya gari hilo.