Jibu: Watuhumiwa tunaowakamata usiku wanaonekana tena mtaani

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba kikundi chenu cha ulinzi shirikishi huwafikisha wezi kituoni, kisha baada ya siku chache huwaona tena mtaani. Angalieni kwanza kama kuna aliyeandika maelezo ya ushahidi, kwa kuwa mashauri mengi niliyoyafuatilia yalikwama hapo: kila mlinzi alidhani mwenzake ameandika, na mwenye mali hakwenda kuitambua.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania humruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, lakini humtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo msimweke ofisi ya mtaa hadi asubuhi, na asipigwe hata kofi, maana kumpiga ni kosa linaloweza kuwageuza ninyi kuwa washtakiwa. Kielelezo, yaani kitu kilichokamatwa kama ushahidi, kishikwe na mtu mmoja anayejulikana hadi kipokelewe kituoni.

Chukueni namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha kituo, na jina la mpelelezi. Dhamana, hata hivyo, ni haki kwa makosa mengi, hivyo mtuhumiwa kuonekana mtaani si lazima kumaanishe kesi imekwisha; kabla ya kukata tamaa muulizeni mpelelezi, kupitia polisi kata wenu, jalada la kesi limefikia wapi.