Re: Nimechaguliwa kusoma usimamizi wa biashara, kazi zipo?

Mdogo wangu, nimekuelewa: umemaliza kidato cha sita kwa ECA (uchumi, biashara na uhasibu), umepata nafasi, na mjomba anasema utaishia mtaani na cheti mkononi. Hajakosea sana. Shahada hiyo inagusa masoko, rasilimali watu, hesabu, vyote kidogokidogo, wakati mwajiri anatafuta mtu wa kitu kimoja. Mimi niliisoma nikakaa nyumbani miezi tisa.

Kilichonitoa ni ugavi. Nilianza mitihani ya PSPTB, bodi ya ununuzi na ugavi, nikapata kazi stoo kwa mwagizaji wa vipuri. Ukipenda hesabu, nenda NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ukasake CPA, cheti cha juu cha uhasibu, ila waulize wenyewe mapema utasamehewa masomo gani. Chagua mkondo wako kabla ya mwaka wa tatu. Na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, usiende kutoa fotokopi tu (wengi tumepotezea hapo). Omba upelekwe mauzo au stoo, hata bila posho.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kozi imo kwenye mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, nao soma masharti ya marejesho kabla hujasaini, maana ukiajiriwa unakatwa kwenye mshahara.