Mtoto yuko reanimasiyo: maswali yenu kutoka Bukavu

Tangu mvua zishike, barua nyingi zinatoka kwa wazazi waliolaza mtoto mdogo reanimasiyo, yaani chumba cha wagonjwa mahututi. Nimechagua zile ambazo jibu lake linawafaa wengi. Anayeniandikia "mtoto ana homa, nimpe nini?" bila umri, bila uzito, bila kusema ameugua siku ngapi, simjibu. Aende kituo cha afya leo.

*Mtoto wangu ana miezi minane, ana nimonia. Wanataka kumwekea oksijeni. Mama mkwe anasema anayewekewa oksijeni harudi nyumbani. Nikubali? (Mama, Nyamugo)*

Kubali sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Swali hili linakuja kila wiki na linaniumiza, maana wapo watoto wanaokatika pumzi huku wakubwa wakibishana mlangoni. Watu wameona watoto wakifa na mpira puani, wakasema mpira ndio uliowaua. Hawazihesabu zile siku nne za kumpaka mafuta kifuani na kumnywesha dawa ya kikohozi ya dukani. Kile kidude wanachombana nacho kwenye kidole kinaonyesha namba: ikishuka chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni, awe analia au ametulia. Tena aliyetulia ghafla ndiye wa kuogopewa zaidi.

Mama, ungeniuliza hivi: SNEL ikikata umeme usiku, ile mashine ya oksijeni itaendeshwa na nini? Kuna jenereta yenye mafuta? Kuna chupa ya oksijeni ya akiba? Waulize mchana, giza lisikukute hujui.

*Mwanangu ana malaria kali, hajaamka toka jana. Bibi yake ameleta uji wa mtama. Nimpe kijiko kimoja kimoja? (Mama, Panzi)*

Hapana. Asiye na fahamu hamezi, uji utamwingia mapafuni. Analishwa kwa mpira wa puani au kwa serumu ya sukari, na serumu hiyo msiifunge wenyewe kwa sababu mkono umevimba. Mwite muuguzi. Malaria kali inashusha sukari ya damu, na kwa mtoto mdogo hilo peke yake linaweza kuua. Uji unywe wewe, najua hujala.

*Binti yangu wa miaka mitatu amepandwa na malaria kichwani. Amelala tu, macho nusu wazi. Nikimsemesha ananisikia? (Baba, Bagira)*

Msemeshe, baba. Hakuna wa kukuapia kwamba anasikia kila neno, lakini hakuna anayeweza kukuapia kwamba hasikii, na sauti yako haina madhara. Mwite kwa jina la nyumbani, lile la kumdekeza. Kama mama yake humlaza kwa wimbo wa lugha ya Mashi, auimbe huo huo. Kabla ya sindano mwambie anachomwa sindano. Ukitoka kwenda kutafuta dawa mjini, muage, na ukirudi mwambie umerudi.

Kisha ufanye kazi nyingine ambayo muuguzi mwenye vitanda kumi hawezi kuifanya: mwangalie usoni. Kwa malaria ya namna hii degedege si lazima litikise mwili mzima. Pengine ni pembe ya mdomo inayochezacheza, jicho moja linalokwenda upande na kubaki huko, kidole kidogo kinachoruka, au pumzi inayosimama kidogo kisha inarudi. Ukiona hivyo usingoje zamu ibadilike. Ita, na useme umeona nini, saa ngapi, na kimechukua muda gani. Andika kwenye daftari. Watoto wengi wanaopona huamka ndani ya siku moja hadi tatu, na wengine wakiamka huwa hawaoni vizuri kwanza, au wamesahau kukaa. Kwa wengi hali hiyo hupita. Isipopita, mrudishe kwa daktari, usimfiche chumbani.

*Naweza kutuma picha yake kwenye WhatsApp ya kanisa wamwombee?*

Tuma jina lake. Picha ya mtoto aliye uchi na mipira mwilini, hapana.

*Mwanangu amezaliwa kabla ya wakati, ana kilo 1,4. Wauguzi wananitoa nje, namwona mara mbili kwa siku. Ni haki? (Mama, Ibanda)*

Si haki, na nitalisema hata likiwakera wenzangu wa hospitali. Mzazi si mgeni wa mtoto wake. Huko Uingereza, hospitali nyingi zamani ziliwaruhusu wazazi saa chache tu kwa juma, mpaka kamati ya serikali ilipopendekeza mwaka 1959 kwamba waingie bila kubanwa. Mwaka 1988, mjini Leiden, Uholanzi, mashirika ya Ulaya yaliandika kwamba mtoto aliyelazwa ana haki ya kuwa na wazazi wake wakati wote. Hapa kwetu mambo yamegeuzwa: mama akitumwa kununua glovu na serumu anahesabiwa kuwa mmoja wa wahudumu, akitaka kumshika mwanawe anaambiwa asubiri saa ya kutembelea.

Kwa mtoto kama wako, kukutoa nje ni kumnyima dawa. Njia ya kumbeba mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kikwembe, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Leo inafundishwa dunia nzima, hata penye mashine. Kamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku pia, hata yakitoka matone.

Muuguzi mkuu naye ana sababu zake. Chumba ni kidogo na maambukizi ni ya kweli. Lakini walioleta marufuku hiyo ni mashangazi kumi na viatu vyenye matope, si mama mmoja aliyenawa mikono. Subiri daktari anapopita asubuhi, umwombe kwa heshima mbele ya muuguzi: mtu mzima mmoja, mikono safi, bila simu, mchana na usiku. Akikataa, omba akueleze sababu.

*Baba wakubwa wamekaa uani wakaamua tumtoe hospitali mtoto mwenye malaria kali, akakatwe kilimi kisha apelekwe chumba cha maombi. Nimeambiwa nitie sahihi. (Baba, Kadutu)*

Usitie. Karatasi hiyo inakufanya wewe ubebe kifo chake, wala si wao. Sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali, inatolewa mara ya kwanza, tena saa 12 baada ya ile ya kwanza, tena saa 24 baada ya ile ya kwanza, kisha, akiweza kumeza, vidonge vya siku tatu. Ukimtoa katikati, malaria inabaki. Kumkata kilimi kunamwaga damu ya mtoto ambaye tayari hana damu. Na kumpiga bomba, yaani kumtia maji ya mizizi kwa nyuma, kunachoma matumbo. Watoto wanaletwa wamevimba, figo zimesimama, na hakuna anayetaja bomba mpaka aulizwe mara tatu. Kama mtoto alishapigwa, mwambie daktari leo. Hatakufunga.

Wazee waheshimu, lakini waite ndani mmoja mmoja, wamwone mtoto, daktari awaeleze. Uamuzi wa uani unafanywa na watu ambao hawajamwona mtoto toka asubuhi. Mchungaji aje aombee kitandani, ila mafuta yake yasiguse mipira.

*Wanataka damu. Kijana getini anauza. (Dada, Nguba)*

Usinunue. Toeni ninyi, watu wazima wenye afya na kilo 50 kwenda juu, na damu ipimwe UKIMWI, hepatitisi B na C, na kaswende.

*Kaka yake wa miaka mitano anamwulizia. Tumemwambia mdogo wake amesafiri. (Mama, Muhungu)*

Mwambieni kweli leo: anaumwa sana, yuko hospitali, madaktari wanamtibu, mama analala naye. Mwambieni pia kwamba si kosa lake, hata kama walipigana juzi, maana watoto wa umri huo huwaza hivyo bila kusema. Mrekodini sauti kwenye simu, mkamsikilizishe mgonjwa. Na kama hali ni mbaya, msimwahidi kwamba mdogo wake atarudi Jumapili.

*Tumeruhusiwa kutoka baada ya malaria kali. Tumemaliza? (Baba, Cimpunda)*

Bado. Malizeni vidonge hata akicheza mpira. Kwa wiki nne mwangalieni viganja, ndani ya midomo na mkojo: baada ya artesuneti, damu inaweza kushuka tena wiki moja hadi tatu baadaye, mtoto akiwa haonyeshi homa yoyote. Viganja vikiwa vyeupe, au mkojo mweusi kama chai ya rangi, rudini siku hiyo hiyo na karatasi za hospitali mkononi. Na hata mkiona yuko salama, ombeni apimwe damu baada ya wiki moja na tena baada ya wiki mbili. Kama aliongezewa damu, mwulizeni daktari kuhusu dawa ya kukinga malaria baada ya kutoka hospitali. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto waliolazwa kwa upungufu mkali wa damu.